Mweka hazina na belo nne: uchambuzi wa kisa cha Kayole

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika makanisa madogo ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kwa hiyo asitafutwe mtu wala kanisa. Hesabu zake zimewekwa kwa makusudi. Majaribu ya fedha huhubiriwa kwa maneno ya jumla, na maneno ya jumla humpa msikilizaji nafasi ya kumgeukia jirani yake kwenye benchi.

Kanisa ni la mabati, Kayole. Kamati ya ujenzi ina watu watatu: mwenyekiti ambaye ni mzee wa kanisa, katibu, na mweka hazina. Mweka hazina ni mama mwenye kibanda cha nguo za watoto katika soko la mitumba la Gikomba, mtu wa maombi, asiyekosa kesha. Kanisa lina akaunti ya benki, lakini michango ya paa ilielekezwa kwenye laini yake ya M-Pesa, ile ile ambayo wateja wake wa sokoni hulipia nguo. Namba ilibandikwa ukutani na kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwa miezi saba hakuna aliyeomba kuona taarifa ya laini hiyo. Kila Jumapili alisoma jumla kutoka kwenye daftari, watu wakasema amina, wakaenda nyumbani.

Kufikia wiki ya pili ya Januari daftari lilionyesha shilingi 186,400. Kwenye laini zilikuwamo 180,200.

Hizo 6,200 zilipotea bila mtu kuamua kuiba, na hapa ndipo wengi wanaosimuliwa kisa cha namna hii hupita haraka. Mama huyu, kama wachuuzi wengi, alikuwa akitumia Fuliza, mkopo wa M-Pesa wa kuziba salio lisipotosha, alfajiri kununua stoki, akitarajia mauzo ya mchana yalipe. Fuliza haiulizi fedha inayoingia ni ya nani. Ukiwa na deni, chochote kinachotua kwenye laini hukatwa kwanza. Siku tatu tofauti za mwanzo wa michango, laini ikiwa bado tupu, mauzo yalikuwa duni, na kitu cha kwanza kuingia kikawa mchango wa paa. Mara ya kwanza zilikatwa 1,500, mara ya pili 2,700, mara ya tatu 2,000. Kila mara alijiambia atarudisha kesho. Na kila mara, jioni, aliandika kwenye daftari mchango mzima kama ulivyotumwa, bila kugusa habari ya makato.

Kosa la kwanza basi ni ule mstari wa daftari, kwa maana makato yenyewe yangeweza kuelezwa. Ungalikuwapo ukurasa unaosema "zimekatwa 1,500 kwa deni langu, nitarudisha Ijumaa", kamati ingekuwa na mweka hazina aliyeteleza. Badala yake ikawa na mweka hazina anayeficha. Akani katika Yoshua 7 anaungama kwa mfuatano: aliona, akatamani, akatwaa, vitu vikafichwa chini katikati ya hema yake. Hapa mfuatano ulianzia mwishoni. Kuficha kulitangulia, na kuficha huko ndiko kulikomfanya awe dhaifu siku tamaa ilipofika, kwa sababu tayari alikuwa na jambo ambalo asingeweza kumwambia mwenyekiti.

Ofa yenyewe

Jumatatu, rafiki yake wa soko, mama mwenzake na muumini wa kanisa lingine, alimjia na habari. Msambazaji wa jumla alikuwa na belo nne, yaani marobota ya mitumba, za nguo za watoto kwa 30,000 kila moja, zote 120,000, lakini lazima zilipwe kabla ya Ijumaa saa sita. Shule zimefunguliwa, nguo zinatoka haraka, fedha zingerudi ndani ya siku kumi na faida juu. Mama huyu alikuwa na deni la karo la 28,000 kwa binti yake wa sekondari, na ujumbe wa shule ulikuwa umeshafika mara mbili.

Anayelijua soko anaona tatizo bila kufungua Biblia. Belo hununuliwa ikiwa imefungwa. Ndani yaweza kuwa kamera, zile za kuchaguliwa kwanza, au yaweza kuwa fagia za kumwagwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Faida iliyoahidiwa ilikuwa ya belo ambayo hakuna aliyeiona. Lakini tusiegemee hapo. Hata kama belo zote nne zingetoka kamera, fedha zilikuwa za paa, na mchanganuzi anayemwonya mtu kwa hasara pekee anamfundisha kwamba wizi wenye faida ni halali.

Tazama jinsi maneno yalivyofuatana kati ya Jumatatu na Alhamisi. Hakuna aliyesema "iba".

Kwanza lilikuja swali: "Kwani dadangu, hizo pesa ziko kwa jina la nani? Si ni laini yako?" Hili ndilo umbo la Mwanzo 3:1, "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu, Msile matunda ya miti yote ya bustani?" Nyoka hakuanza kwa kusifu tunda. Alianza kwa kuligeuza neno lililosemwa liwe jambo la kujadiliwa, na katazo la mti mmoja akalifanya lionekane la miti yote. Kwa mweka hazina, neno lililokuwa wazi (hizi ni fedha za Bwana zilizowekwa mkononi mwangu) lilianza kuwa na maswali ya pembeni: ya laini, ya jina, ya kwamba fundi hajaitwa bado na fedha zimelala tu.

Jumanne likaja hitaji. Rafiki aliuliza habari za mtoto. Hitaji lilikuwa la kweli, na ni kosa la kichungaji kumwambia mtu katika hali hii kwamba anapenda fedha. Yesu nyikani aliona njaa kweli baada ya siku 40. Jaribu la kwanza la Mathayo 4 halikumtaka afanye jambo baya kwa lenyewe. Mkate si dhambi. Lilimtaka atumie alichokabidhiwa kujitosheleza nje ya agizo la Baba. Jibu lake, "Mtu hataishi kwa mkate tu, ila kwa kila neno litokalo katika kinywa cha Mungu," halikatai njaa. Linakataa njaa iwe ndiyo inayoamua.

Jumatano ukaja mstari, na hapa kisa kinakuwa kizito. Rafiki alimtumia Wafilipi 4:19: "Na Mungu wangu atawajazeni kila mnachokihitaji kwa kadiri ya utajiri wake, katika utukufu, ndani ya Kristo Yesu." Akaongeza: "Huu ndio mlango wako, mama. Usimzuie Mungu." Na kwa kuwa kwenye kesha la mwaka mpya mhubiri mgeni alikuwa amesema kuna mama ambaye mwezi huu unafunguliwa mlango wa biashara, mambo mawili yakaonekana kuthibitishana.

Wengi wetu tungeanguka siku hiyo, si Jumatatu. Mkristo amefundishwa kukataa uovu unapokuja kama uovu. Hajafundishwa vya kutosha kumsikiliza anayemnukulia Maandiko. Katika jaribu la pili kwa mpangilio wa Mathayo, Ibilisi alinukuu Zaburi 91. Ukilinganisha na zaburi yenyewe utaona alichoacha: maneno "wakulinde katika njia zako zote". Ahadi ya ulinzi ilikuwa kwa anayetembea njia yake. Ilipokatwa pale ikawa kibali cha kujirusha kutoka kinara cha hekalu.

Wafilipi 4:19 ilipinduliwa vivyo hivyo. Rudi mstari mmoja nyuma: Paulo, akiwa kifungoni, anakiri kupokea msaada ambao Wafilipi walimtumia kwa mkono wa Epafrodito. Ahadi ya mstari wa 19 inawahusu watu waliotoa mali yao wenyewe kwa kazi ya injili. Kuitumia kumhimiza mtu achukue walichotoa wengine kwa kazi ya injili ni kuisoma kutoka upande wa pili wa kikapu cha sadaka. Hakuna haja ya shahada ya theolojia kuliona hilo. Kunahitajika dakika tano na sura ya 4 yote.

Na ule unabii? Paulo anawaambia Wathesalonike wasitweze unabii, kisha papo hapo: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Kipimo cha kwanza ni rahisi: tafsiri inayohitaji kuvunjwa amri ili unabii utimie si ya kushikwa. Mhubiri alitaja mlango wa biashara. Hakutaja fedha za paa. Hizo ziliingizwa na wasikilizaji wawili wenye shida.

Rafiki naye asifanywe shetani. Petro alimpenda Bwana alipomkataza habari ya msalaba, na bado aliambiwa "nenda nyuma yangu." Anayekujaribu aweza kuwa ndiye atakayekuja kwanza ukilazwa hospitalini. Ndiyo maana maneno yake yanaingia.

Ombi la Alhamisi

Alhamisi usiku mweka hazina aliomba. Alifunga siku nzima, akapiga magoti, na maneno ya ombi lake yanajulikana katika kila kanisa la Nairobi: "Bwana, kama si mapenzi yako, zuia. Kama ni mapenzi yako, acha ipite."

Linasikika kama unyenyekevu, lakini ukilipima linafanya kinyume. Amri ya nane, "Usiibe", haingoji uthibitisho wa usiku huo. Mungu akiwa amesema, kumtaka aseme tena kwa mtandao kugoma au kwa msambazaji kuahirisha ni kumsukumia yeye kazi ya kukataa, ili fedha zikipita, wajibu uwe wake. Balaamu, alipoitwa na wajumbe wa mfalme Balaki akawalaani Israeli, aliambiwa "Usiende pamoja nao" katika Hesabu 22:12. Wajumbe waliporudi na heshima kubwa zaidi, akawaambia walale, apate kujua Bwana atakalomwambia zaidi. Aliruhusiwa kwenda, na hasira ya Mungu ikawaka njiani. Mlango kufunguka hakukuwa kibali.

Yesu alilijibu hili kwa Kumbukumbu la Torati 6:16, "Msimjaribu Bwana, Mungu wenu, kama mlivyomjaribu huko Masa." Kule Masa, katika Kutoka 17, watu wenye kiu ya kweli waliuliza, "Je! Bwana yu kati yetu au sivyo?" Kiu haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuufanya ukweli wa Mungu usimame au uanguke kwa kile kitakachotokea jioni ile.

Ombi la Alhamisi lingekuwa sahihi kama lingeulizia jambo lisilo na amri: ahamie Githurai au asihame, aongeze kibanda au asiongeze. Kwa belo nne lilikuwa na jibu kabla ya magoti kugusa sakafu. Ombi lililofaa usiku huo lilikuwa fupi: nipe nguvu ya kumpigia mzee.

Kilichomgeuza hakikuwa sauti wala ndoto. Kabla ya kulala alifungua Wafilipi 4 ili asome tena ule mstari wa ahadi, akasoma sura nzima, akakutana na Epafrodito. Baadaye akakumbuka neno la Yusufu kwa mke wa Potifa, ambalo watoto wa shule ya Jumapili hukariri: "nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?" Yusufu anataja uaminifu wa bwana wake kwanza, kwamba amemkabidhi vyote, ndipo anamtaja Mungu. Mweka hazina alikuwa amekabidhiwa pia. Mstari uliokuwa umeletwa kumsukuma ndio uliomrudisha, kwa sababu safari hii aliusoma pamoja na mistari iliyo jirani yake.

Ijumaa asubuhi

Paulo anasema pamoja na lile jaribu Mungu "atafanya na mlango wa kutokea, ili mweze kustahimili." Watu husubiri mlango huo kama muujiza. Katika kisa hiki ulikuwa hatua tatu za kawaida mno, na mpangilio wake ndio uliofanya kazi.

Saa kumi na mbili na robo, kabla ya kwenda Gikomba, alituma 180,200 zote kwenye akaunti ya benki ya kanisa. Kiasi hicho kiko chini ya kikomo cha M-Pesa cha 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo kilienda kwa mara moja. Ni muhimu kwamba alituma kabla ya kumwambia mtu yeyote na kabla ya rafiki kupiga simu. Angekwenda sokoni na fedha kwenye laini, akitegemea msimamo wake, angekutana na belo zikiwa zimeshapakuliwa na msambazaji amesimama. Yusufu aliacha vazi akakimbia, hakubaki kujadiliana.

Pili, alimpigia mwenyekiti. "Mzee, shikamoo. Fedha za paa nimezipeleka benki. Lakini zimepungua 6,200, na daftari nililoandika si la kweli. Naomba tuonane leo." Sentensi mbili za katikati ndizo ngumu, na ndizo zisizoweza kuachwa. Angetuma fedha na kunyamaza kuhusu makato, angekuwa amelishinda jaribu kubwa na kuliacha dogo ndani ya nyumba. Mithali 28:13 ina sehemu mbili, kuziungama na kuziacha, na mara nyingi tunajaribu ya pili bila ya kwanza.

Tatu, akamjibu rafiki kwa ujumbe mfupi: "Zile pesa hazipo kwangu tena." Hakumhubiria. Mazungumzo ya Wafilipi 4 yangekuja baadaye, siku ambayo hakuna belo mezani.

Kamati ilipokutana jioni, ilikosea mara mbili kabla ya kupata. Mwenyekiti alitaka yaishe humo ndani na daftari liandikwe upya, safi. Hiyo ingekuwa kuficha kwa awamu ya pili, sasa kwa mihuri. Mchungaji, kwa upande wake, alitaka mama asimamishwe mbele ya kanisa Jumapili. Lakini Mathayo 18 inapanda ngazi kwa anayekataa kusikia. Huyu alikuwa amejileta mwenyewe. Walichoafikiana ni hiki: mistari mitatu ya uongo ikatwe kwa kalamu huku ikibaki kusomeka, masahihisho yaandikwe pembeni na kusainiwa na wote watatu, na kanisa litangaziwe hesabu sahihi pamoja na ukweli kwamba fedha za kanisa zilichanganyika na za biashara na zinarudishwa. Jina halikutajwa. Kwa kanisa la ukubwa huo kila mtu alijua, na ilibidi kuvumiliwa.

Marejesho yalileta mjadala mzuri. Hesabu 5:7 inaagiza kurudisha mali kamili na kuongeza sehemu ya tano, yaani 1,240 juu ya 6,200, jumla 7,440. Zakayo alijitolea mara nne. Je, kamati imdai tano hiyo? Tunadhani walifanya vema kutomdai: Mkristo haokolewi kwa hesabu ya torati. Walifanya vema pia kutoikataa alipoileta kwa hiari, kwa awamu nne za 1,860 kila Jumamosi jioni. Mtu anayerudisha zaidi ya alichochukua anajitibu kitu ambacho msamaha wa midomo haufikii.

Aliondolewa kwenye fedha, akabaki kwenye kwaya na kwenye maombi. Wagalatia 6:1 inataka mrejesho kwa roho ya upole, na inaongeza onyo kwa wanaorejesha: "ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe." Onyo hilo liliigusa kamati yenyewe. Miezi saba walimwacha mtu mwenye deni la karo akusanye zaidi ya laki moja na nusu kwenye simu moja, wakaita hiyo kumwamini. Paulo mwenyewe, akipeleka mchango wa Yerusalemu, hakubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anasema anajiepusha na lawama, akifikiri mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele za wanadamu." Na katika 2 Wafalme 12, sanduku la kutengeneza nyumba ya Bwana lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja.

Sasa michango inakwenda kwa Paybill, namba ya malipo ya M-Pesa, iliyounganishwa na akaunti ya benki, na kutoa kunahitaji saini mbili kati ya tatu. Taarifa ya benki inachapishwa na kubandikwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, pale pale ilipokuwa namba ya simu. Fedha taslimu za kikapu zinahesabiwa na watu wawili wasio wa nyumba moja kabla ya kutoka kanisani.

Kwa aliye katikati ya jaribu kama hili leo, zoezi moja lina faida kuliko kesha la ziada: soma Kumbukumbu la Torati sura ya 6 hadi ya 8, kwa sauti, kwa kikao kimoja. Ni mistari 71. Majibu yote matatu ya Yesu nyikani yametoka humo, na ukiyakuta mahali pake unaona hakuwa akirusha mistari iliyokatwa. Alikuwa akiishi ndani ya habari ya watu waliotembezwa jangwani miaka 40, wakaona njaa, wakalishwa mana. Aliyeweka moyoni sura nzima ni vigumu kudanganywa kwa nusu mstari.

Karo haikulipika kwa muujiza. Mama alikwenda shuleni Jumatatu, akakubaliana na mhasibu alipe 28,000 kwa awamu hadi katikati ya muhula, na binti akaendelea na masomo. Kwenye Fuliza alijiondoa. Belo nne zilinunuliwa na mtu mwingine, na zilikuwa nzuri. Rafiki alimwambia hivyo wiki iliyofuata, akiongeza kwamba mzigo mwingine unaingia mwezi wa pili. Luka anaandika kwamba Ibilisi alipomaliza kila jaribu alimwacha "kwa muda." Mama alimkaribisha chai, na safari hii Biblia ilikuwa imefunguliwa mezani kwenye Wafilipi 4, kuanzia mstari wa 10.